Kunguni wa Mfukoni

Pasi alipouona ubao wa hoteli ile mpya, rangi yake bado mbichi, moyo wake ulifurahi kama wa fisi aliyesikia kwamba ng'ombe wa jirani anakohoa. USAFI KWANZA, ubao ulisema, kwa herufi kubwa kuliko jina la hoteli yenyewe. Wasafiri wengine waliyasoma maneno yale wakatulia. Pasi aliyasoma kama mwaliko wa harusi. Anayejisifu usafi huogopa aibu, na anayeogopa aibu hulipa haraka.

Walimwita Pasi kwa sababu ya suti yake. Alikuwa nayo moja tu, ya kijivu, lakini ilinyooshwa kila asubuhi mpaka mkunjo wa suruali ungeweza kukata mkate. Ndani ya koti, mfuko wa kushoto, karibu kabisa na moyo, alibeba kichupa cha vidonge kisichokuwa na kidonge hata kimoja. Kilikuwa na kunguni. Kunguni wazima, wanene, wenye afya, aliowatoa kwenye gesti moja nyuma ya stendi, mahali ambapo hata kunguni wenyewe walionekana kama wanatafuta uhamisho.

Tumpe heshima yake: kazi yake aliifanya kwa bidii kuliko wengi wenye kazi halali. Alikuwa akichukua chumba kizuri, anakula chakula cha jioni kama mtu aliyefunga kwa niaba ya ukoo mzima, kisha analala usingizi wa mtoto mchanga. Asubuhi anajipaka upupu kidogo begani mpaka pavimbe. Anamtoa kunguni mmoja kwenye kichupa, anamtia kwenye glasi, anashuka nayo taratibu wageni wakiwa wanakunywa chai. Hapigi kelele. Mpiga kelele huonekana mkorofi, lakini mnong'onaji watu wote humtegea sikio.

"Samahani mwenye hoteli," angesema kwa sauti ya mtu anayetoa pole. "Sikutaka kukuaibisha mbele ya wageni wako."

Hapo mwenye hoteli humshika kiwiko, humkimbiza ofisini, humrudishia pesa zake zote, humwongezea za sabuni, na kama ana moyo mwepesi humfungia na kuku wa njiani.

Kwa njia hiyo Pasi alikuwa amelala bure katika miji mingi kuliko kiongozi yeyote wa kampeni. Lakini sasa alikuwa amechoka. Alitaka kutulia, na alitaka kutulia katika hoteli ya kwake mwenyewe. Usicheke. Nani angeijua biashara hiyo zaidi yake? Alikuwa ameisoma akiwa kitandani. Hata sheria ya kwanza alikwisha kuitunga: mgeni yeyote atakayedai ameona mdudu, atoe kitambulisho chake na cha mdudu.

Jengo lilikuwa limepatikana. Dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki, ndiye aliyelitafuta, na alikuwa akimpigia simu kutwa.

"Mdogo wangu, mwenye jengo anataka malipo kesho jioni. Ukichelewa anampa mtu mwingine."

"Nakuja, Dada. Nimebakiza ukaguzi mmoja tu."

"Hiyo kazi yako ya ukaguzi wa hoteli, Mungu aibariki. Mwajiri anayemlaza mtu vitanda vizuri hivyo sijawahi kumwona."

Akiba yake yote aliishonea ndani ya bitana ya sanduku lake. Mtu mwenye akili timamu angelibeba sanduku hilo akaenda moja kwa moja kwa dada yake. Lakini ubao ulimwita. Ya mwisho, alijiambia. Matapeli wote waliowahi kukamatwa walikamatwa kwenye ile ya mwisho, na kwa bahati mbaya hakuna chuo kinachowafundisha jambo hilo.

Mapokezini alikaa mama mmoja mnene, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, mwenye sauti laini ya kumfanya mtu atake kuungama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umechoka, uso unasema."

"Kuna wadudu hapa? Mimi ngozi yangu ni ya taabu."

"Wadudu?" Yule mama alicheka mpaka miwani ikacheza. "Baba yangu, hapa hata mbu akitaka kuingia anavua viatu."

Pasi alikaribia kumwonea huruma. Alikaribia tu.

Asubuhi alishuka na glasi yake. Chumba cha kulia kilikuwa na wachuuzi wawili wa vitambaa na, pembeni, bwana mmoja mwembamba aliyekuwa akichovya mkate kwenye chai kwa makini makubwa. Pasi aliinama mapokezini, akanong'ona maneno yake, akaiweka glasi juu ya meza. Kisha akakitanguliza kiwiko chake, tayari kushikwa.

Hakikushikwa. Yule mama aliitazama glasi, akaweka mkono kifuani, akaketi kama gunia lililokatwa kamba.

"Mungu wangu. Wamefika na huku."

"Kina nani?"

"Baba, usisogee. Usimguse mtu." Akageuka. "Mtaalamu! Njoo uone!"

Bwana mwembamba aliweka mkate chini, akajifuta midomo, akafungua mkoba na kutoa koti jeupe, glavu na kioo cha kukuzia. Hapa Pasi angepaswa kujiuliza ni mtu wa namna gani huyu anayekuja kunywa chai na koti la maabara. Hakujiuliza. Muuza uongo hategemei kuuziwa, kama vile daktari wa meno asivyotegemea kuumwa jino.

Mtaalamu alimkagua kunguni kwa muda mrefu.

"Jike," alisema kwa huzuni. "Na ana mimba. Umemkuta wapi?"

"Chini ya mto."

"Mmoja?"

"Mmoja tu."

"Basi umepona. Huyu ni mgongo-mwekundu. Akikuuma mara moja ni sawa na mlevi aliyekutukana njiani, unajipangusa unaendelea. Ole wake mtu aliyekaa nao. Aliyewabeba, tuseme kwenye nguo, kwa muda, karibu na mwili. Huyo damu yake inageuka maji polepole."

Pasi aliligusa koti lake, upande wa kushoto. "Mtu huyo… anajijuaje?"

"Huanza na jasho."

Joto la mji ule lilikuwa la kumtoa jasho hata chura. Pasi alijipapasa paji la uso, mkono ukarudi umelowa.

"Halafu kuwashwa nyuma ya masikio."

Masikio yote mawili yakaanza, kama yaliyoambizana.

"Mwisho, moyo hudunda upande wa kushoto."

Moyo wa Pasi, ambao tangu azaliwe haukuwahi kudunda upande mwingine, ukadunda upande wa kushoto.

"Na dawa yake?" aliuliza. Sauti ilitoka nyembamba.

"Ya nini? Wewe si umeumwa na mmoja tu?"

"Nauliza tu. Kwa ajili ya elimu."

"Aaa, elimu." Mtaalamu alimtazama yule mama, yule mama akatazama dari. "Kwa ajili ya elimu basi: mtu huyo huvua kila kitu. Nguo, saa, viatu, simu, mzigo wote, nikaupitishe kwenye mashine yangu ya mvuke, ipo garini. Yeye mwenyewe anapakwa dawa mwili mzima, anakaa bafuni mpaka ikauke. Hasa mizigo yenye bitana. Mgongo-mwekundu anapenda bitana kuliko anavyopenda damu."

"Sanduku langu halina kitu!" Pasi aliropoka, na wale wachuuzi wa vitambaa wakageuka kumtazama.

"Ndiyo maana wanalipenda. Nafasi." Mtaalamu alianza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja. "Lakini hakuna anayekulazimisha, bwana. Baki nalo. Ila usiende tu kwa watu wako. Una mama?"

"Amefariki."

"Dada je?"

Akilini Pasi alimwona dada yake mlangoni, mikono imefunguliwa, jinsi alivyokuwa akimpokea kila mara kwa kumkumbatia kana kwamba katoka vitani. Alimwona akimvuta kifuani, usawa ule ule wa mfuko wa kushoto. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliogopa kwa ajili ya mtu mwingine, na hofu ya namna hiyo humpata vibaya mtu asiyeizoea.

"Mama," alimwambia yule wa mapokezi, "bafu liko wapi?"

Walimhudumia vizuri, lazima tuseme ukweli. Hawakumtoza hata senti. "Wewe ni mgeni wetu," yule mama alisema, akampa shuka na ndoo ya dawa yenye rangi ya zambarau na harufu ya siki. Pasi alivua suti akaikunja mwenyewe, akaweka saa, viatu na simu juu yake, akalisukuma sanduku nje ya mlango wa bafu. Kisha akatoa mkono tena kupitia uwazi wa mlango. Ulikuwa umeshika kichupa.

"Na hiki," alisema.

Mtaalamu alikipokea kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga, akatazama familia nzima iliyokuwa ikitembea humo ndani. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa na heshima ya kweli.

"Hongera, ndugu. Ni wachache wanaofika mpaka hapa."

Pasi alijipaka dawa kuanzia utosini hadi nyayo, hakuacha hata nyuma ya masikio, hasa nyuma ya masikio. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisubiri kukauka. Nje aliisikia mashine ya mvuke ikiwaka. Ilikohoa mara mbili tatu, kisha ikaunguruma, mashine ya nguvu. Kisha ikasogea. Ikabadilisha gia, ikapiga honi kwenye kona, ikaenda zake.

Akili nyingi, wahenga walisema, huondoa maarifa. Maarifa ya Pasi yalirudi yote kwa pamoja, yakiwa yamechelewa.

Alitoka mbio akiwa na shuka kiunoni, mwili mzima wa zambarau kama bilinganya lililopata habari mbaya, akagongana na mzee mmoja mrefu aliyekuwa akiingia na kapu mkononi.

"Wewe ni nani?" mzee aliuliza.

"Mimi ni mgeni! Mwenye hoteli yuko wapi?"

"Unamtazama."

Pasi alimtazama. "Na yule mama?"

"Mgeni kama wewe. Yeye na mumewe wako hapa tangu tulipofungua. Watu wapole sana. Jana nilimwomba anishikie mapokezi nikamwone mjukuu wangu aliyezaliwa." Mzee alichungulia nyuma ya meza. Droo ya pesa ilikuwa wazi, safi, imefagiliwa. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo. "Usiku alinipigia simu akaniambia kaka yake amefika kuwalipia chumba na chakula chote walichokula. Bwana mmoja mwenye suti ya kijivu, sanduku mkononi."

Wale wachuuzi wa vitambaa, waliokuwa hawajabanduka, walinyoosha vidole kwa Pasi kwa pamoja.

"Kwani suti iko wapi?" mzee aliuliza.

Pasi alifungua kinywa atoe uongo. Alikuwa na uongo wa kila saizi, lakini wote unahitaji suruali. Mtu hawezi kudanganya vizuri akiwa ameshika shuka. Basi akasema kweli: kichupa, upupu, glasi, jasho, masikio, sanduku. Akasema mpaka dada yake na jengo. Alipomaliza, tone la zambarau lilikuwa limening'inia kidevuni.

Mzee aliweka kapu chini.

"Kabla ya hoteli nilikuwa hakimu," alisema. "Nimesikia uongo wa kila aina. Lakini mtu anayetunga uongo wa kujifunga mwenyewe sijamwona. Nakuamini. Tena magodoro yangu bado yako kwenye nailoni, kunguni angekaa wapi, dukani?" Akamkabidhi simu. "Mpigie dada yako kwanza. Polisi tutawazungumzia baadaye."

Dada alipokea upesi. "Uko wapi? Mwenye jengo hakungoja jioni, yupo hapa anakunywa chai yangu."

"Dada, mwambie ampe mtu mwingine."

"Kwa nini?"

"Nimeibiwa. Zote."

Kimya. Pasi alijua ni kimya cha namna gani. Alikuwa akikisikia tangu utotoni, kila alipovunja kitu.

"Umeumia?" hatimaye aliuliza.

"Hapana. Nimebadilika rangi tu."

"Basi njoo nyumbani ule. Hotuba yangu nitakupa ukishashiba."

Pasi alirudisha simu bila kumtazama mzee usoni. Mzee naye alikuwa tayari ametoa funguo za pikipiki mfukoni, anazichezesha kiganjani, macho yamemwaka kama ya mtu aliyechoka kustaafu.

"Wameshika barabara ya stendi, hakuna njia nyingine ya kutoka mjini," alisema. "Gari lao ni bovu, nililiona mwenyewe likisukumwa. Tukienda sasa hivi tunawakuta. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Nataka kujua kwanza, nisije nikabeba muuaji nyuma ya pikipiki yangu. Ukiwapata utawafanyaje?"

Pasi aliwaza. Aliwaza lile koti jeupe lililokuwa likisubiri kwenye mkoba wakati wa chai. Aliwaza swali lile, lililotoka polepole wakati glavu zikivuliwa: una mama? Na dada je? Alijifunga shuka upya, akalikaza, akainyoosha mikunjo yake kwa kiganja kama mtu anayekwenda kwenye usaili.

"Mzee," alisema, "nitawaomba kazi."