Msitu Usiishe

Jumatatu, tarehe 4

Kwako daftari, salamu nyingi. Mimi niliishia darasa la nne, na huko tulichofundishwa kuandika ni barua tu, kwa hiyo usishangae nikikuamkia kama mtu. Hujambo? Sisi huku hatujambo. Mzee wangu hajambo, isipokuwa goti. Kitinda mimba wangu hajambo, anapiga chafya za unga wa mbao. Wifi yangu, dada yake Mzee, aliyekuja kukaa wiki mbili mwaka juzi, hajambo, na mdomo wake haujambo zaidi. Paka hajambo. Redio ya Mzee haijambo. Mimi ndiye niliye na jambo.

Jambo lenyewe: Kitinda anaondoka. Mtoto huyu (ana miaka ishirini na minne, lakini hajawahi kufunga vifungo vya koti bila kuruka kimoja) hutengeneza treni ndogo na dunia zake. Treni yenyewe urefu wa ndala. Reli inazunguka meza nzima, kuna stesheni, kilima na daraja. Meza iliyoko sebuleni kwangu sasa ni ya daktari wa meno. Ataiweka kwenye chumba cha kungojea ili watoto waache kulia. Kila kitu tayari isipokuwa msitu. Anakabidhi Jumamosi ya tarehe 16.

Na Wifi kamtafutia kazi! Karakana ya vitu hivi hivi, mji wa mbali, siku nzima kwenye basi na kipande cha siku ya pili. Wamemwandikia awatumie picha za msitu, kwani reli kila mtu anaweza kulaza, ila mkono wa fundi huonekana kwenye miti. Ukiwapendeza, Jumatatu ya tarehe 18 awe njiani.

Basi: msitu ukiisha, mtoto kaondoka. Msitu usipoisha, mtoto yupo. Hesabu hiyo darasa la nne linatosha.

Nimejitolea kusaidia. Mzee kusikia hivyo, akacheka hadi goti likamuuma. Akakumbusha kwamba nilipomsaidia kupaka chokaa ukuta wa uani, kazi ya asubuhi moja ilimaliza mwezi.

Ndiyo maana, Mzee wangu. Ndiyo maana!

Jumanne, tarehe 5

Kazi ya kwanza: majani. Unachukua sponji la godoro kuukuu, unalikatakata, unalisaga kwenye blenda, unalitia rangi ya kijani, unalianika. Mimi na Wifi tumegawiwa nusu kwa nusu.

Nikaharibu kwa moyo wote. Sponji jingine nikalisaga mpaka vumbi, jingine nikaliacha madonge. Rangi sikupima. Kijani cha huku, kijani cha kule, nikamwagia na chai iliyolala. Nikaanika nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi mbaya ikawa mbaya kweli.

Kitinda kuja kuona, akapiga ukelele. Nikajua tayari. Kumbe ni furaha! Akasema msitu wa kweli hauna kijani kimoja, akauliza nimejifunza wapi. Sponji la Wifi lote rangi moja, kama sweta za shule. Wifi akanuna, akasema kuna watu wakifunga macho na kurusha jiwe wanaangusha ndege.

Mzee kanywa maji ya embe kutoka blenda ile ile. Meno kijani. Ni rangi ya chakula tu, haitamdhuru, lakini amekataa kutoka nje.

Alhamisi, tarehe 7

Leo miti yenyewe. Unasokota nyaya nyembamba pamoja: chini shina, juu unaziachanisha ziwe matawi. Unapaka gundi, unachovya kwenye unga wa mbao, unavisha majani. Inatakiwa miti mia na ishirini.

Wifi katengeneza arobaini kabla ya chakula cha mchana. Imenyooka yote, imejipanga kama wanafunzi wakingoja mwalimu mkuu. Mimi nimetengeneza saba. Na hiyo saba imepinda, kwa sababu nilikuwa nikisokota huku nikiwaza nani atamkumbusha kula. Akishika kazi, mtoto yule hali. Atakonda kama nyaya hizi.

Wifi akanipigia hesabu kwa sauti. Akasema kwa mwendo huu Kitinda atasafiri akiwa na mvi. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Mzee akatuomba tumpishe asikie redio.

Jioni Kitinda akainama mezani, jicho usawa wa reli, kama mtu anayechungulia chini ya mlango. Akasema miti ya mama ndiyo itakaa mbele, maana mti wa ukingoni hupinda kufuata mwanga. Kisha akaanza kuikunja ya Wifi mmoja mmoja ifanane na yangu!

Nimefurahi dakika nzima kabla ya kukumbuka kwamba sitakiwi kufurahi.

Jumapili, tarehe 10

Miti yote imesimama. Kitinda kaingia kuoga, Wifi kaenda dukani. Nikachukua plaizi. Nikapiga moyo konde. Kwacha, kwacha, miti kumi na mmoja ikaanguka, vikabaki visiki. Nikajificha jikoni kumenya viazi ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Kitinda akaita. Nikaja na kisu na kiazi mkononi, kama shahidi. Nikasema haraka sana, kabla ya kuulizwa, kwamba ni panya.

Akatazama visiki. Akanitazama mimi. Akavitazama tena visiki. Halafu akakaa chini, akachonga kijiti, na baada ya nusu saa kulikuwa na mkata kuni mdogo kama punje ya maharage, shoka begani, na miti yangu kumi na mmoja imepangwa kando yake kama magogo. Akasema msitu ulikuwa hauna mtu, sasa unaye.

Ukiutazama, unasikia shoka. Naapa. Hata mimi nilisikia.

Akapiga picha, akazituma.

Jumatatu, tarehe 11

Wamejibu kabla chai haijapoa. Aje! Wamemsifia mkata kuni. Wamesifia kingo. Wamesifia rangi. Yaani wamenisifia mimi tupu, nimejipalia makaa kwa mikono yangu!

Wifi alicheza sebule nzima. Nikamwambia kwa ustaarabu kwamba yeye hajui uchungu wa mwana. Akasema uchungu anaujua, ila mtoto anayelelewa kwapani huishia kunuka jasho. Sikumwandalia chakula. Akajipakulia mwenyewe, nyama kubwa.

Jumatano, tarehe 13

Bado meza haijakabidhiwa. Mwenye meza akiikataa, fundi habanduki. Hiyo ndiyo akili ya kutwa.

Nikamwambia Kitinda vichaka vya chini ni vichache, niachie mimi. Akaniachia, maskini, akaenda kununua tiketi. Nikachukua zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, mpya kabisa. Nikazichambua, nikazitia rangi, nikazipanda kila upenyo, hadi kando ya reli. Mbaya! Kama nywele za mtu aliyekurupuka usingizini. Daktari akiona hivi vichaka atasema rudia. Kurudia ni wiki. Wiki ni wiki.

Ajabu ni kwamba kwa mbali vinapendeza. Mungu wangu, nina mkosi gani?

Alhamisi, tarehe 14

Sijui niandikeje.

Asubuhi Kitinda kaiwasha treni aijaribu. Ikatoka stesheni vizuri. Ikapita daraja. Ikaingia msituni, ikanguruma, ikatoa harufu, ikafa. Akaisukuma. Kimya. Akakifungua kichwa cha treni kwa bisibisi ndogo, na ndani, kwenye mota, nyuzi zangu zimejaa kama ndevu. Kumbe mota ina sumaku! Treni ilikuwa inavuta chuma kila mahali ilipopita, inakula vichaka vyangu. Mimi sikujua. Nilitaka uchafu tu, sikutaka kuua.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliketi sakafuni, kichwa cha treni mapajani, akasema hicho ndicho cha pekee, kukipata kingine ni miezi. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba pengine hajawa tayari. Fundi wa kweli angekagua kila kichaka. Pengine awaandikie wale wa karakana kwamba haendi.

Haendi! Neno nililolihangaikia siku kumi. Nimelipata, nikashindwa kumeza hata chai. Wifi naye hakusema kitu, na Wifi kunyamaza ni kama mvua kunyesha kutoka chini kwenda juu.

Nilimtazama mwanangu pale sakafuni. Bega limeshuka. Koti limefungwa vibaya, kimoja kimerukwa. Nikaona kwamba nimembakisha, na huyu niliyembakisha siye yule niliyekuwa sitaki aende.

Ijumaa, tarehe 15

Nimesema. Kabla ya chai, wote wakiwepo, nimesema yote: blenda, plaizi, vichaka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia mezani pa sebule.

Mzee akafunika uso kwa kofia. Kitinda akasema anajua, tangu siku ile ya visiki, kwa sababu panya wa nyumba hii hajajifunza kushika plaizi. Akasema alikuwa akingoja nimwambie. Hilo la chuma tu ndilo hakulijua. Kisha akalia, nami nikalia, na Wifi akalia kwa sauti kuliko sisi, ajulikane yupo.

Halafu kazi. Mimi nilishika kibanio cha nyusi nikang'oa uzi mmoja mmoja kwenye mota, nimebana pumzi. Mkono wa mtu aliyechambua mchele miaka thelathini, usiudharau! Wifi aling'oa vichaka vyote. Lakini vipande vidogo vilibaki kati ya mawe ya reli, havionekani. Ikatakiwa sumaku nyingine, kubwa. Tukaangaliana. Tukamwangalia Mzee. Mzee akaikumbatia redio.

Spika ya redio ina sumaku nzuri sana.

Adhuhuri treni ilizunguka mara tatu bila kukohoa. Mzee alipiga makofi kwa huzuni.

Jumamosi, tarehe 16

Tumekabidhi! Daktari alizunguka meza mara mbili. Palikuwa na mtoto mwenye shavu lililovimba, analia mpaka kwikwi. Treni ikaingia msituni, akanyamaza. Ikatoka upande wa pili, akauliza mkata kuni anaitwa nani. Kitinda aligeuka kutazama dirishani. Mimi nilimwona.

Nikawaonyesha wagonjwa wote miti yangu. Wifi akawaonyesha yake. Kwenye mmoja hatukuelewana, na mama mmoja mwenye jino bovu akatusihi tukagombanie nje.

Jumatatu, tarehe 18

Kaondoka.

Nilimfungia koti mwenyewe, vifungo vyote. Kituoni aliniomba niahidi: hakuna tena ujanja. Nikaahidi, mkono wa kulia juu. Wa kushoto ulikuwa umeshika mfuko wa viazi vya kuchemsha, kwa hiyo haukuwa huru kuahidi chochote.

Basi lilipokata kona, Wifi alinishika mkono. Nyumbani alinipakulia yeye, na nyama kubwa akaniwekea mimi.

Ijumaa, tarehe 22

Siku nne. Kapiga simu mara moja. Anasema anakula. Kila mtoto husema anakula.

Leo nilikwenda kwa daktari wa meno kusalimia tu. Mhudumu akasema hapa hawasalimii, wanatibu. Basi nikasema jino linauma. Nikaketi karibu na meza. Ule mti wa ukingoni, ule uliopinda kuliko yote, ulikuwa karibu na mkono wangu. Mkono ukaenda wenyewe. Kisha mti wa pili. Wa tatu nilikuwa nauingiza mkobani nilipoitwa.

Nilidhani daktari atachungulia aniruhusu niende zangu. Kachungulia, kaguna, akasema nina bahati nimekuja mapema, na kabla sijamwelewa jino langu lilikuwa kwenye kisahani. Na lilikuwa zima, halina ubovu! Nadhani. Sasa nusu ya uso sina habari nayo, mate yananitoka kwenye daftari, na mkobani nina miti mitatu.

Lakini akili inafanya kazi. Barua nimeshaiandika, naitoa nakala hapa:

Mwanangu mpenzi, hatujambo sote. Habari mbaya ni moja. Msitu wa daktari umeanza kunyonyoka. Nimeuona kwa macho yangu, miti mitatu haipo, na sijui ni ugonjwa gani. Daktari bado hajatambua, ila atatambua, na jina litakaloharibika ni lako. Kazi hiyo haiwezi mtu mwingine. Njoo hata siku mbili, waombe ruhusa, mimi nitakuwa nimeshawasha jiko. Shangazi yako usimwambie. Nijibu upesi, mwanangu, upesi sana, maana miti ya daktari bado ni mingi, lakini meno ya mama yako yanahesabika.