Basi la Maricruz na Saa ya Serikali

Alhamisi Kuu, 4 Aprili 1996

Shemeji Crescencio, kaka wa marehemu mke wangu, amekuja kujigamba. Ni karani wa manispaa, basi kila amri ya serikali anaileta kama kaitunga yeye. Ati Jumapili nchi nzima inasogeza saa mbele: saa tatu itaitwa saa nne. Ndiyo saa ya kiangazi. Nikamuuliza kiangazi gani, wakati Juni sisi mvua inatufika magotini. Akasema ni kuokoa umeme, na Wajerumani walianza tangu vita kuu ya kwanza. Basi wakae nayo wenyewe.

Padre amekataa. Kengele ya kanisa itabaki na saa ya Mungu.

Nilicheka, halafu nikakumbuka jambo. Basi la kwenda jijini Guadalajara linaondoka Jumapili saa nne asubuhi, na binti yangu Maricruz ana tiketi. Amepata kazi duka la viatu. Asipokuwepo Jumatatu asubuhi, wanamchukua mwingine. Tangu mama yake afariki tumebaki wawili tu. Sijui nitaongea na nani. Mimi muuza aiskrimu, na ndoo hazijibu.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Mpango tayari: sifanyi kitu. Ndipo ujanja ulipo. Saa ya ukutani naiacha ilivyo. Maricruz atafika kituoni saa nne yetu, kumbe kwa serikali ni saa tano, basi limeshakwenda. Atalia kidogo, atarudi, nitamfariji. Nani atalaumiwa? Serikali.

Betri za redio nimezitoa, asije akasikia tangazo. Nimezificha kwenye gunia la chumvi ya barafu, ile ya kugandishia aiskrimu.

Jumamosi, 6 Aprili

Chumvi imekula betri. Nimenunua nyingine, nikafika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba sitaki redio iseme. Mjinga mimi.

Maricruz amenipigia pasi mashati yote. Kaniambia nisije nikala mayai kila siku akiondoka. Nikatoka uani nikajifanya natafuta kuku. Nilitaka kumwambia asiende. Badala yake nikaita kuku. Ya nini kujiaibisha, na mpango upo?

Jumapili ya Pasaka, 7 Aprili

Saa tatu na nusu alisimama mlango wa jikoni na sanduku lake. Akaniuliza kama nitamsindikiza. Nikasema aiskrimu itayeyuka. Akainamisha kichwa, akingoja baraka ambayo mzazi yeyote hapa humpa mtoto anayesafiri. Mimi nakoroga sukari ya kapirotada, mkate wa jibini anaoupenda, nimpoze nao akirudi. Nikasema bila kugeuka: haya nenda, mwanangu, utachelewa. Baraka niipoteze kwa safari isiyokuwepo?

Akauliza, ndiyo hivyo tu, Baba? Nikasema ndiyo hivyo tu. Nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe.

Nikaandaa meza. Saa tano. Saa sita. Kapirotada imepoa.

Crescencio akaja. Kasema basi limeondoka saa nne ya kengele. Dereva, Don Nabor, haitambui saa ya serikali, na kijiji kizima kinajua. Akaniuliza, wewe ulikuwa wapi? Kasema Maricruz alikaa dirishani akiangalia njia ya kwetu mpaka basi likakata kona.

Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Kisha nikamkimbilia nikamrudisha, maana kukaa peke yangu nimeshindwa. Kala kapirotada yote.

Jumanne, 9 Aprili

Maricruz amepiga simu kibandani kwa Doña Tencha, mama mwenye simu ya kijiji, mimi sipo. Ameacha ujumbe. Kazi ameanza. Jumapili jioni atapiga tena, ana hamu ya kusikia sauti yangu. Nilimtaka Doña Tencha arudie mara kadhaa hilo la sauti, hadi akachoka.

Crescencio anasema niende nikamngoje hapo kibandani, nimwambie namkumbuka, nimpe baraka yake kwa simu, basi. Jambo la dakika mbili, shemeji, ananiambia. Rahisi kwake. Mimi nikifungua mdomo nitalia mbele ya Doña Tencha na wateja wote.

Nimefikiri mchana kutwa. Jumapili sitakwenda. Simu ikilia, Doña Tencha atasema hajaniona. Maricruz atashikwa na wasiwasi, atapanda basi la kwanza kurudi. Safari hii mpango hauna kasoro.

Kitanda chake nimeshakitandika.