Silindri ya Nne

Tharcisse Mukalay alimwona Mama Ngalula kabla mama huyo hajamaliza kuvuka barabara, na moyo ukamwambia leo atakula kuku. Kikwembe kipya kiunoni, mkoba umekumbatiwa kwa mikono miwili, macho juu ya magari: mtu wa namna hiyo hajaja kupunga upepo. Wauzaji wa magari ya mitumba walikuwa saba pale karibu na soko la Kolwezi, lakini aliyeitwa Ingénieur alikuwa mmoja tu. Shahada hiyo Tharcisse alijipa mwenyewe, siku ileile aliyonunua miwani.

Wiki hiyo alikuwa na kigari cheupe cha petroli ambacho kilipaswa kupata mwenyewe haraka, kabla hakijapata kaburi. Injini yake ndogo iligonga kama kinu cha kutwanga majani ya sombe. Tharcisse aliinywesha mafuta mazito ya malori, ikanyamaza. Taa nyekundu ya onyo nayo ilikuwa na kelele za bure, akaikata waya. Kwa lugha yake, hayo yaliitwa matibabu.

"Mama, karibu! Njo uone motere," alisema, akifungua boneti kama padri anayefungua Injili. "Litre moja tu, lakini silindri ine. Nguvu ya bafarasi sitini na nane. Mu kilometre mia inakunywa litre tano. Haina mukanda ya kukatika, iko na munyororo. Hii motere itakuzika, mama."

"Silindri ine?"

"Ine, kama miguu ya meza."

"Na haichemke?"

"Kuchemka? Hii hata jasho haijue."

Mama Ngalula aliuliza bei. Tharcisse akataja bei iliyomfanya hata Glodi, muuzaji mwenzake, akohoe. Mama akaitikia kwa kichwa. Hakuomba kupunguziwa hata kidogo. Yeyote aliyelelewa na mama mfanyabiashara angeshtuka hapo hapo na kutafuta njia ya kukimbilia. Lakini tamaa ni pamba ya masikio.

"Kitu moja tu, Ingénieur," mama alisema kwa upole. "Mi nachukulaka bintu Dilolo. Twende nayo, turudie nayo. Essence ya kutia mu tanki nitalipa mi. Ikirudia muzima, nakupatia makuta yote, bei yako ileile."

Dilolo iko kule mpakani na Angola, kilometa zaidi ya mia nne za vumbi na mashimo. Mtu mwenye akili angekumbuka ghafla kwamba ana msiba. Tharcisse aliutazama ule mkoba, akaingia garini. Mfukoni alibeba, kwa dharura tu, pesa ambazo mkewe Bilonda alikuwa ameweka za kununua cherehani.

Walipokaribia Mutshatsha, mvuke ulianza kutoka mbele.

"Ingénieur, inachemka?"

"Haichemke, mama. Inapumua."

Ilipumua mpaka ikazima. Kigari kikasukumwa hadi mjini, na Tharcisse akanunua maji, gasketi mpya ya kichwa cha injini, na maneno matamu ya kumtuliza mama. Angeweza kukiacha pale na kurudi nyumbani kwa lori. Lakini bei ile aliyokubaliwa ilikuwa inamwita kwa jina.

Kasaji walifika wakivuta moshi wa buluu kama harusi ya wachawi, na kigari kikakata roho mbele ya gereji moja, kana kwamba kilikuwa kimeelekezwa. Fundi wake, Kankolongo, alikuwa mtu wa maneno machache. Alifungua injini, akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kidole: ringi za pistoni zimeisha, beringi zimeisha, pampu ya mafuta imeisha.

"Nini imebakia?" Tharcisse aliuliza.

"Rangi," fundi alijibu.

Siku mbili walikaa pale. Mama Ngalula alikuwa kibarazani akila karanga, na kila alipouliza kuna nini tena, Tharcisse alijibu: "Entretien tu, mama, matengenezo ya kawaida." Cherehani ya Bilonda ilibaki Kasaji, pamoja na saa ya mkononi ya Ingénieur.

Ndipo ikatokea ajabu. Wakati wa kurudi kutoka Dilolo, gari limejaa samaki wa chumvi na katoni za sabuni mpaka juu ya dari, injini ile ilipanda vilima bila kunung'unika. Tharcisse alizima redio ili aisikie vizuri. Ilikuwa inaimba. Miaka kumi na mbili alikuwa akizisifu injini, na hii ndiyo ya kwanza kustahili sifa. Kidogo atokwe na machozi.

Kolwezi, mizigo iliposhushwa, mama aliomba boneti ifunguliwe. Akainama, akagusa buji za kuwashia moto, moja baada ya nyingine.

"Moja, mbili, tatu. Ingénieur, ya ine iko wapi?"

"Iko… iko ndani, mama."

"Bwana yangu, Mungu amurehemu, alikuwa mécanicien. Buji moja, silindri moja. Siwezi kununua ku mutu muongo. Mi niko mukristu."

"Lakini mama, motere iko muzuri! Ulisikia mwenyewe!"

"Muzuri sana. Tangu Dilolo nililala mpaka hapa. Mungu akubariki, tata." Akaondoka nyuma ya mkokoteni wa sabuni zake.

Glodi alikuja akiburuta ndala. "Mulipita Kasaji? Ku Kankolongo?"

"Unamujua?"

"Ni mudogo yake Mama Ngalula. Mwaka jana na mi nilienda naye Dilolo."

"Na haukunielezea!"

"Ni wapi uliona mujanja anaeleza kama na yeye balimudanganya?"

Asubuhi iliyofuata alikuja karani mmoja wa mgodini, anatafuta gari. Tharcisse, ambaye usiku kucha alikuwa amesikiliza maneno ya Bilonda, hakuwa na nguvu ya kutunga.

"Silindri tatu," alisema. "Inakunywa litre sita. Ringi, beringi, pampu, yote ni mupya. Hii motere ni ya kweli, tata, naapa ku Mungu."

Karani alitabasamu kama mtu aliyezaliwa mjini. "Unaapa? Basi kuna kitu unaficha."

"Papa, njo huku!" Glodi aliita. "Yangu iko na tano!"

Karani akaenda mbio, asije akatangulia mwingine. Tharcisse alibaki na mkono juu ya boneti, na chini ya kiganja chake injini aliyokuwa ameiwasha ikanguruma taratibu, sawasawa, haina hata mtu mmoja wa kuiamini.