Siki Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 3 Juni

Leo wifi yangu kapita saluni. Hakuja kusuka. Kaja kunitazama. Kasimama mlangoni, kanipima kutoka kisigino hadi utosi, halafu kasema mbele ya wateja wote: “Wifi! Mbona umevimba hivyo? Au umerudia mambo yako?”

Sijarudia! Haki ya Mungu sijarudia. Tangu niache pombe sijaonja hata tone. Nimenenepa, basi. Nani aliniambia kwamba ukiacha chupa mwili unalilia sukari kama mtoto aliyeachishwa ziwa? Nakula biskuti. Nakula keki. Chai yangu kijiko kinasimama wima. Sketi zote zimenikataa. Aproni ya kazini haikutani nyuma, naiunganisha kwa uzi wa kusukia.

Ningemwacha wifi na mdomo wake, lakini mdomo ule unakaa nyumba moja na mama mkwe. Na kwa mama mkwe ndiko aliko mwanangu. Namwita Kifungo, kwa sababu ya pua yake. Alichukuliwa siku bibi yake aliponikuta nimelala sakafuni na mtoto anajilisha unga mkavu. Baba yake alikwenda kutafuta maisha. Bado anayatafuta.

Jumapili hii mama mkwe atanitazama kwa macho yake. Akiona nimeacha kweli, narudi na Kifungo. Asipoona, mtoto anabaki.

Sasa shida iko hapa. Enzi za pombe uso wangu ulikuwa umevimba hivi hivi. Mama wa watu atajuaje huu ni uvimbe wa keki?

Nimepiga moyo konde. Jumapili nitakwenda nimekonda.

Jumanne, 4 Juni

Sijala asubuhi. Sijala mchana. Kuosha nywele za watu na njaa ni adhabu. Shampuu ya leo ilikuwa na harufu ya ndizi. Nilikaribia kuilamba.

Saluni yetu ni vioo kila ukuta. Ukikimbia tumbo lako huku, unakutana nalo kule. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema. Mimi nikiinama, tumbo linafika mvunguni kabla yangu.

Msusi wetu tunamwita Kijiti. Mwembamba, anapita kati ya viti viwili bila kuomba njia. Hatupendani. Yeye anasema mimi nawaunguza wateja kwa maji moto, mimi nasema yeye anawavuta nywele mpaka macho yanakwenda pembeni. Lakini leo nimeshusha kiburi, nikamuuliza siri yake. Kasema siki. Kijiko kimoja kila unapopata nafasi, tumbo tupu, mafuta yanayeyuka yenyewe.

Nimenunua chupa. Kubwa. Ukali wake unatoa machozi! Nilipomeza kijiko cha kwanza koo likawaka, na kitu ndani yangu kikainua kichwa, kikakumbuka. Nikaingia stoo nikasimama peke yangu mpaka kikalala tena.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa!

Nilikuwa na akili, au nilidhani ninayo. Tuna nailoni tunayofunikia nywele zilizopakwa dawa, halafu mteja anakaa chini ya ile draya ya kofia kubwa, joto linapenya. Nikawaza: kama joto linapenya nywele, mafuta ya tumbo yataponea wapi? Mchana saluni ilikuwa tupu. Nikajizungushia nailoni tumboni raundi nyingi, nikashusha kofia ya draya hadi mwisho, nikapanda kiti nikapiga magoti, tumbo ndani ya kofia. Moto wa juu kabisa.

Nilitoka jasho, sitaki kusema uongo. Nikaanza hata kujipongeza.

Akaingia bosi na mteja. Bosi kauliza naosha nini humo. Kushuka, kofia haitoki! Nailoni imelainika, imegandia kwenye plastiki. Kijiti alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akaja na mkasi, akaikata nailoni polepole bila kunigusa ngozi. Nina alama nyekundu kiunoni kama nimevaa mkanda wa moto. Bosi kasema nikirudia, nitafute kazi ya kuoka mikate.

Jioni nikaenda kikundi. Tunakutana darasani, tunakalia madawati ya watoto, sisi walevi wastaafu. Anayetuongoza ni dereva wa lori wa zamani. Ametazama mikono yangu inavyotetemeka, kauliza nimekula nini leo. Nikasema nimeshiba. Kasema, “Mama, mimi pia nilikuwa mwongo, tena kukushinda. Kula. Kula hata keki. Njaa na kiu ya pombe ni pacha. Ukimfungulia mmoja mlango, mwenzake anaingia na viatu.” Kasema mwili utajitengeneza, tuanze kwanza kuwa hai.

Maneno mazuri. Lakini yeye hana mama mkwe.

Jumamosi, 8 Juni

Tangu jana siki na maji tu. Kichwa chepesi. Mteja wa mwisho nimemwosha mara mbili, nilisahau.

Naandika ukweli kwa sababu humu hasomi mtu. Nikitoka kazini miguu haikukata kona ya nyumbani. Ilikwenda kule. Nikajikuta mbele ya baa, nasikia chupa zinavyogongana, na mate yananijaa. Nikajiambia glasi moja. Moja tu, ya kuutuliza mkono, ili kesho nisitetemeke mbele ya mama mkwe. Ilionekana ni busara! Nikainua mguu kupanda kile kingazi cha mlangoni.

Zipu ya sketi ikapasuka. Prraa! Mpaka chini. Muuza sigara kageuza uso kwa heshima. Mikono yote miwili ikabidi ishike sketi, na mtu hawezi kunywa bila mikono. Nimerudi nyumbani mbio kama mwizi wa nguo.

Nimelia sana kitandani. Nimelilaani tumbo hili. Hata njiani haliwezi kunisitiri!

Jumapili, 9 Juni

Nimevaa gauni pana. Nimebana pumzi tangu getini.

Kifungo kanikimbilia. Amerefuka! Nilipokaa kochini kanirukia mapajani, kaniminya tumbo kwa viganja viwili kama anakanda unga, kasema: “Mama, umekuwa laini. Una mto.” Nikasikia aibu. Nikamwambia mama atauondoa. Kasema, “Usiuondoe.” Kalaza kichwa hapo hapo, kapitiwa na usingizi.

Wifi kaniletea chai. Mkono ukatetemeka, kikombe na kisahani vikagombana, chai ikamwagika mkekani. Mama mkwe kainama kufuta. Uso wake ukaja karibu na wangu. Akasita. Akanusa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kaniuliza polepole, “Mwanangu, umekunywa?”

Nikasema ni siki, mama. Nimekunywa siki nikonde, nisionekane nimevimba, usidhani nakunywa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mlevi. Nikainuka kidogo na mtoto mikononi kumwonyesha naweza kusimama sawasawa, giza likanijia, nikashika ukuta, nikakaa tena. Wifi kasema, “Siki, wifi? Kaokote uongo mwingine.”

Mama mkwe kaninusa tena, kama anayetafuta sababu ya kuniamini. Macho yake yalikuwa na maji. Kasema hajui. Kasema angependa kunisadiki, lakini mtoto si kitu cha kubahatishia. Nirudi mwezi ujao.

Ilibidi niinue kichwa cha mwanangu tumboni mwangu, nikiweke kwenye mto wa kochi. Hakuamka. Mkono wake ulibaki unapapasa kitambaa, ukinitafuta.

Jumanne, 11 Juni

Jana sikuandika. Jana nililala.

Leo Kijiti kanifungia nusu ya mkate wake kwenye karatasi, kauweka kwenye beseni langu. Dereva wa lori naye kanitumia salamu: nile, na mwezi ujao twende wote kwa mama mkwe, ataongea naye. Watu wana huruma. Lakini hawajui kosa lilikuwa wapi. Mimi nimelijua!

Kosa ni siki. Inanuka.

Fundi viatu wa jirani kaniambia kitu cha uhakika: kitunguu saumu kibichi. Unakitafuna bila chakula, kinakata mafuta, na kinaua kila harufu mdomoni. Mkate wa Kijiti nimempa mlinzi. Nimetafuna punje sita tangu asubuhi. Kinafanya kazi, maana leo hakuna aliyenishuku nimekunywa. Hakuna hata aliyenikaribia.

Mwezi ujao mama mkwe aniinamie anavyotaka, anuse mpaka achoke. Na Kifungo akija kulala mapajani kwangu, atakuta tumbo limekuwa bapa, gumu kama meza. Atafurahi, mwanangu.