Saa za Angani na Mpaka wa Mama Jovin

Jumatatu, 3 Machi 2025
Jirani yangu hapa Nakwa, Mama Jovin, kaenda mazoezi ya kwaya. Nikang'oa minyaa ya mpaka wetu, nikaipanda upya hatua tatu ndani ya shamba lake. Mnyaa hauna shida, unashika popote. Mbaazi zangu zitapata nafasi. Safi kabisa!

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Mama Jovin kaleta mpima ardhi, dada mmoja anaitwa Martha, ana mashine inayosoma satelaiti. Kasema minyaa imetembea. Mke wangu Hilaria kacheka mpaka kakaa chini. Baraza la kata ni Ijumaa. Hatua zangu tatu ziondoke hivi hivi? Thubutu!

Alhamisi, 6 Machi
Nimemfuata Mwalimu Baltazar wa fizikia. Nikamuuliza kama satelaiti hukosea. Kasema saa zake ziko juu, ambako mvutano wa dunia ni hafifu, kwa hiyo zinakimbia kuliko za huku chini. Zikiachwa hivyo, siku moja tu vipimo vinapotea kilomita kumi. Kilomita kumi! Akataka kuendelea kueleza. Nikamshukuru, nikadandia bodaboda.

Ijumaa, 7 Machi
Barazani nilinguruma. Nikasema saa za angani zinakimbia, mashine inadanganya kilomita kumi, tuamini minyaa. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilijiona wakili! Martha akajibu taratibu kwamba ni kweli zinakimbia, ndiyo maana mafundi huzipunguza mwendo kabla hazijarushwa. Akaongeza kwamba kama nina wasiwasi, atapima pande zote. Mwenyekiti akaafiki. Mwenye wasiwasi ni mimi, ningekataaje?

Jumamosi, 8 Machi
Wamepima. Hatua tatu zimerudi kwa Mama Jovin. Na banda langu la nguruwe nalo limo kwake, tangu enzi za marehemu baba! Nimelivunja mwenyewe. Nimelia kweli, nguruwe wananitazama. Mama Jovin kaniletea uji, kasema pole Baba Rosalia. Hiyo pole imeniuma kuliko kushindwa.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa nikamlaumu Mwalimu Baltazar. Akanituliza kwa habari nyingine: hata juu ya Mlima Kwaraa saa inakwenda haraka kuliko hapa chini kwetu. Ila kidogo mno, anasema, huwezi kuona. Walimu hawana moyo wa biashara! Hilaria kaniomba nitulie. Kesho napandisha mlimani kuku watatu wanaotamia. Nitakuwa nauza vifaranga, Mama Jovin bado anahesabu mayai.