Gambuti za Mama Jelimo na Mvua ya Kitale

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Nimegundua kitu! Wiki tatu sasa nalinda mahindi ya Senge Nekesa, dada ya baba, yakikauka juu ya turubai kando ya barabara hapa Kitale. Wengine wangelala. Mimi nahesabu. Matokeo: kila siku jirani Mama Jelimo akipeleka maziwa na gambuti, zile buti ndefu za mpira, miguuni, mvua inanyesha. Akivaa malapa, jua. Asilimia mia! Na hiyo ni elimu ya kidato cha pili, tena sikumaliza. Ningemaliza, si mngenikoma.

Nilimwambia binamu yangu Tonny. Akacheka mpaka akaketi chini. Yeye huangalia mawingu ya Mlima Elgon. Hutia mahindi na chumvi kwenye chupa, anatikisa. Chumvi ikishika kioo, ati bado yana maji. Mambo ya kizamani.

Senge amesema mahindi yakikauka vizuri kufikia Ijumaa, atachagua mmoja wetu aende Myanga kusimamia mashine yake ya kusaga unga. Mjinga angesema nafasi ni nusu kwa nusu. Mimi naona tisini kwa kumi.

Jumanne, 11 Novemba
Gambuti! Nimeziona asubuhi. Nikapiga kelele tufunike. Tonny akasema hata yeye alikuwa anakuja kusema hivyo, Elgon imeziba. Mwongo. Mchana mvua ikamwagika. Hakuna punje iliyolowa. Senge akaniita nabii wake, akanipa paja la kuku. Tonny alipata shingo. Naandika ili historia ijue.

Jumatano, 12 Novemba
Nimewaza siku nzima. Kwa nini ningojee gambuti zitoke? Mtu wa akili anashika mvua kwenye mzizi. Jioni nilipita nyuma ya nyumba ya Mama Jelimo. Zilikuwa mlangoni, zimeoshwa. Sasa ziko ndani ya gunia tupu pale kwetu. Sijaiba. Nimefunga bomba tu.

Alhamisi, 13 Novemba
Mama Jelimo alipita na malapa, akiuliza kama tumeona mbwa amebeba gambuti. Nikampa pole. Halafu nikaanika kila kitu, hata yale yaliyokuwa tayari kwenye magunia. Turubai la kufunika nikamwazima Kiarie, fundi anayejenga choo pale ng'ambo. Kufikia saa sita Elgon ilikuwa nyeusi kama sufuria. Tonny akanisihi tufunike, karibu alie. Nikamwambia mvua haina ruhusa.

Ilinyesha kama inanitafuta mimi. Mahindi yakaelekea mtaroni kwa mstari. Majirani wakaja kutusaidia kuzoa, Mama Jelimo mbele, matope mpaka magotini. Senge akashika gunia, akalikung'uta. Gambuti mbili zikaanguka.

Nikaeleza hesabu yangu. Walinisikiliza wote, mvua ikitupiga. Mama Jelimo akauliza polepole, "Kijana, mimi navaa gambuti nikiona mvua inakuja. Kumbe wewe ulifikiri mvua ndiyo huniangalia mimi?"

Tonny alikuwa ameuma kofia yake asicheke.

Senge akanigeukia. "Hesbon, nusu ya mahindi yangu imeenda na maji. Hiyo ni asilimia ngapi?"

Nikajibu hamsini. Nilipata, lakini sikupewa alama.

Ijumaa, 14 Novemba
Mashine ya Myanga amepewa Tonny. Mimi narudishwa kwetu Naitiri, juu ya lori, pamoja na mahindi yaliyopona. Kabla ya kuondoka Senge alinisukuma niende kumwomba Mama Jelimo msamaha. Nikaenda. Nikiwa pale, macho yakaona ndani ya stoo gambuti nyingine! Za Mzee Kimutai, mumewe. Nikauliza kwa heshima. Ati alizivaa Alhamisi asubuhi akikamua ng'ombe.

Umeona? Hesabu haikukosea. Nilichukua gambuti pungufu.

Jumapili, 16 Novemba
Naitiri. Mama ameanika maharagwe uani. Senge amepiga simu: yakikauka salama mikononi mwangu, huenda akafikiria tena habari ya mashine. Nitaipata hiyo mashine, bana!

Hapa kila mtu ni mkulima, na leo wote wameenda kanisani na viatu vya ngozi. Gambuti zimebaki milangoni. Kutoka kwetu mpaka kwa Nangila, nyumba ya mwisho kijijini, nimehesabu jozi thelathini na moja, bila kusahau za waume. Nimemwambia mama tumbo linaniuma, atangulie tu.

Magunia ninayo manne. Yatatosha nikizipanga vizuri.