Sebule ya Krimu na Skrini Isiyokosea

Jumatatu, 4 Machi

Skrini imefika dukani! Pana kama mlango wa kabati. Shangazi, mwenye duka hili la rangi za nyumba, amekubali baada ya mimi kumbembeleza miezi minne. Kuanzia leo mteja anachagua rangi ya ukuta wake kwa kidole, mashine ya kuchanganyia inapokea nambari, kazi imekwisha. Mimi ndiye msimamizi wa skrini. Cheo nimejipa mwenyewe, lakini hakuna aliyepinga.

Aliyenuna ni Fundi Kadi. Mzee huyu ana miaka ishirini na mbili hapa, anauza rangi kwa shada la kadi ndogo zilizotungwa kwenye pete. Kila ndoo ikichanganywa lazima aifungue, achovye kidole, apake tone juu ya kifuniko, asubiri likauke, kisha atoke nalo juani alilinganishe na kadi. Dakika ishirini kwa ndoo moja! Kadi zake nimezitia kwenye sanduku chini ya ngazi. Aliniangalia tu.

Saa nne macho yakaanza kuniwasha kwa mwanga wa ile skrini. Nikagundua kitufe chenye picha ya jicho. Nikabonyeza, nikavuta hadi mwisho. Ah! Ikawa laini, ya kupendeza, kama siagi. Simu yangu nayo nikaifanyia vivyo hivyo, ili vifaa vyangu viwe na msimamo mmoja.

Saa sita, nani kaingia? Mama mkwe wangu mtarajiwa! Jumapili wazee wetu wanakwenda kwake kusikia jibu la posa, na huyu mama bado hajasema ndiyo. Mara mbili amemuuliza binti yake kama mimi ni mtu makini. Sasa anataka sebule yake ipakwe krimu kabla ya wageni. Bahati gani hii! Nikamkalisha mbele ya skrini kama malkia.

Ile iliyoandikwa “Krimu ya Asubuhi” aliikataa papo hapo, akasema ni haradali. Zilizofuata akasema ni binzari tupu. Tukashuka, tukashuka, mpaka safu ya mwisho kabisa. Hapo akatabasamu. Krimu safi, tulivu! Jina lake “Ukungu wa Ziwa”. Hawa watunga majina ya rangi sijui huwa wanafikiria nini.

Mashine ikachanganya ndoo mbili. Fundi Kadi akaomba afungue moja kidogo tu, apake tone. Nikakataa. Nikazifunga zote mbili kwa utepe, kisha nikakalia moja mpaka gari lilipokuja kuzichukua.

Jumanne, 5 Machi

Fundi mpakaji ameanza kazi kwa mama mkwe asubuhi. Mimi dukani, napiga mluzi.

Saa nane picha ikaingia kwenye simu kutoka kwa mchumba wangu. Sebule nzima, na chini yake alama tatu za kuuliza. Nikaitazama. Krimu! Imetulia! Nikamjibu kwamba imependeza mno. Akaniuliza kama ninasema kweli. Nikamjibu kwamba sijawahi kusema kweli kiasi hiki tangu nizaliwe.

Simu ikaita. Mama mkwe mwenyewe. Hakusalimia. Alisema aliomba sebule, si zahanati. Alisema bado kidogo watu wapange foleni mlangoni wakisubiri sindano. Kisha akakata.

Nimepigwa na butwaa. Zahanati gani ya krimu?

Jumatano, 6 Machi

Masalale! Nimekwenda kuona kwa macho yangu.

Bluu!

Ukuta huu bluu, ule bluu, hata ule mwembamba nyuma ya mlango. Bluu ya maji ya kufulia. Nilisimama katikati ya sebule mdomo wazi. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi, mkoba magotini, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Nikatoa simu, nikapiga picha ukuta. Nikatazama picha: krimu. Nikainua macho: bluu. Simu: krimu. Ukuta: bluu. Nimefanya hivyo mara tisa, mpaka mchumba wangu akanivuta shati.

Nikajikaza, nikatafakari kisayansi. Simu haina sababu ya kunidanganya. Basi kosa liko nje ya simu. Nikachungulia dirishani, nikalikuta: bati la jirani. Limepakwa bluu! Jua linapiga bati, bati linapiga ukuta. Nikavuka njia na kumwomba jirani, kwa adabu zote, alifunike bati lake kwa turubai mpaka Jumapili jioni. Akaniuliza nimetumwa na nani. Nikaanza kumweleza. Akanifungulia mbwa.

Suruali imechanika sehemu ambayo sitaiandika hapa.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya ushahidi. Nilimwomba mama mkwe aje dukani. Nikaiweka picha ya sebule yake kwenye skrini kubwa, mbele ya Shangazi na Fundi Kadi. Krimu! Mama mwenyewe akakiri kwamba hapo ni krimu. Simu yangu nayo, krimu. Vifaa viwili, vya viwanda viwili, havijuani wala havijawahi kukutana, vinasema neno moja!

Hapo ningenyamaza, leo ningekuwa mtu mwenye amani. Lakini kichwa kilishavimba. Nikamweleza mama, kwa upole kabisa, kwamba mtu akifika umri fulani macho huanza kuona mambo yake.

Duka lilinyamaza. Hata mashine ya kuchanganyia ilinyamaza, ingawa nadhani ilikuwa imemaliza zamu yake. Mama akachukua mkoba. Akamuaga Shangazi. Akamuaga Fundi Kadi. Mimi akanipita kama nguzo.

Saa kumi mchumba akaandika: mama amejifungia chumbani, anauliza nilikusudia kumwita kipofu au mzee. Tena amesema kwamba Jumapili wageni wakija atawapa chai tu, jibu hatatoa.

Chai tu!

Fundi Kadi akanisogelea. Akauliza kama niligusa kile kitufe cha jicho, maana karatasi nyeupe kwenye skrini anaiona njano. Nikamwambia asijisumbue na vitu vilivyozaliwa baada yake. Hakukasirika. Akasema basi atoe kadi zake, aende kwa mama, wachague, siku mbili zinatosha kupaka upya kabla ya Jumapili.

Nikubali? Ili mtaa mzima ujue kwamba shada la makaratasi limenishinda? Thubutu! Nikamshukuru, nikakalia sanduku la kadi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata! Nimepata wakati napiga mswaki, nikameza povu kwa furaha.

Tatizo ni kwamba sebule haifanani na skrini. Watu wote wanahangaika kuirekebisha skrini. Mimi nitairekebisha sebule!

Nimenunua balbu sita za manjano na plastiki ya manjano ya kubandika kwenye vioo vya madirisha. Nimejaribu nyumbani kwa kipande cha ukuta nilichokipaka ile rangi. Krimu! Nimejipongeza kwenye kioo. Nilionekana njano, ila mwenye akili.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe alipotoka kwenda sokoni, mchumba akanifungulia mlango. Nikapanda ngazi, nikabadilisha balbu zote, nikabandika plastiki, nikashusha mapazia. Saa moja tu. Mchumba alishika ngazi bila kusema kitu, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya. Mwisho akanyoosha mikono yake, akaniuliza kwa nini kucha zimekuwa njano vile. Nikamwambia ni furaha.

Mama akarudi. Akasimama mlangoni. Akatazama ukuta huu, akatazama ule. Akasema, angalau. Neno hilo moja tu. Kisha akauliza kama fundi alirudi kupaka upya. Nikakohoa. Akaniuliza tena. Nikakohoa kwa nguvu zaidi, akaniletea maji.

Sijasema uongo. Kukohoa si kusema. Ila maji yale yalinishuka vibaya, maana alinipa kwa mkono wake na akaniita mwanangu.

Jumapili, 10 Machi

Viatu bado sijavivua. Naandika hivyo hivyo.

Tulifika saa tisa alasiri: mimi, Shangazi, na baba mdogo ambaye ndiye msemaji wetu. Balbu zote zinawaka mchana kweupe, mapazia yameshuka. Ukuta krimu! Mama mkwe amevaa gauni jeupe, limegeuka siagi. Nikakaa mkao wa mtu makini.

Baba mdogo akamtazama mama mkwe. Akamtazama tena. Akamwinamia Shangazi, akamnong'oneza kwa sauti yake ile inayosikika hadi barabarani, kwamba huyu mama ni mgonjwa, amtazame macho, hilo ni ini. Shangazi akashika kifua.

Upande wa pili nao niliona minong'ono. Mama mkwe alikuwa anamtazama baba mdogo usoni, kisha Shangazi, kisha mimi, huku anamfinya binti yake paja. Nilimsikia akimuuliza kwa nini hakumwambia kwamba ukoo wetu wote una homa ya manjano.

Lahaula!

Baba mdogo akasimama, akakohoa. Alisema kwa kuwa mwenyeji wetu hali yake ni ya kutia huruma, sisi tunaomba mambo ya posa yasubiri mpaka apelekwe hospitali. Mama mkwe naye akasimama. Alisema mgonjwa hamwoni humu ila wale waliopiga hodi, na kwamba yeye binti yake mmoja hamtoi kwenye familia ambayo mtu mzima na kijana wote wamegeuka rangi ya papai. Shangazi akaanza kulia. Baba mdogo akachukua kofia.

Ndoa yangu ilikuwa inatoka mlangoni!

Mchumba wangu ndiye aliyeinuka. Akavuta pazia, akashika ncha ya plastiki, akaivua yote kwa mkupuo mmoja, krrraaa! Dirisha la pili, krrraaa! Akazima taa.

Jua likaingia.

Wote tulikuwa wazima. Mama mkwe mzima, gauni jeupe. Baba mdogo mweusi wa kung'aa, afya tele. Na ukuta, yarabi, ukuta ulikuwa bluu kuliko Jumatano.

Macho yote kwangu. Nilitazama sakafu, sakafu haikunisaidia.

Nikasema yote. Skrini, kukohoa, hata mbwa na suruali. Mchumba akaongeza ambayo mimi niliyasahau kwa makusudi, kwamba Fundi Kadi alijitolea Alhamisi na mimi nikakalia sanduku.

Mama mkwe akajifunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia, nikajiona mtu mbaya kuliko wote duniani. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akaomba leso. Alisema ameona wanaume wengi wanaotaka kumpendeza mkwe, lakini wa kumbandikia madirisha plastiki ndiye wa kwanza. Alisema umakini sina, ila uoga wangu wa kumkosa binti yake ameuona, na huo umemtosha.

Ndiyo! Amesema ndiyo! Kwa masharti mawili. Sebule ipakwe upya na Fundi Kadi, kwa kadi zake. Na siku ya harusi wanaume wote wa upande wetu wavae suti za krimu, ile ile ya ukuta, ili kila akitutazama akumbuke kucheka.

Nimelia mimi sasa. Machozi ya kweli, ya rangi yake.

Jumatatu, 11 Machi

Mshtuko mwingine, asubuhi na mapema!

Nimemkuta Fundi Kadi mbele ya skrini yangu. Kabonyeza kile kitufe cha jicho! Skrini imepauka, baridi, imeingia ubluu kama mtu aliyetoka kuoga mtoni. Miaka ishirini na mbili ya kadi, leo dakika moja kaharibu mtambo mzima. Nikakirudisha upesi kabla Shangazi hajaona. Nikakivuta hadi mwisho. Siagi. Moyo ukatulia.

Yeye alichukua sanduku lake la kadi, akaenda kwa mama mkwe. Kabla ya kutoka aliniachia kadi moja ya krimu, akaniambia nimpelekee fundi cherehani kwa ajili ya suti, nisichague kitu kwa simu. Mzee ana roho nzuri. Lakini kadi moja, tena imepinda pembeni, ndiyo ya kutegemea katika siku kubwa ya maisha yangu?

Nimeiweka chini ya mguu wa meza, ilikuwa inayumba.

Kitambaa nimeshakichagua kwa simu, nimekaa nacho saa nzima, sikukurupuka. Krimu safi, tulivu, haina kasoro. Suti saba: yangu, ya baba mdogo, za binamu zangu wanne, na moja ya Fundi Kadi, ili ajue sina kinyongo. Nimewathibitishia wauza kitambaa kwamba nimeridhika kabisa. Wamejibu kwamba wameshakata, haibadilishwi tena.

Kinaitwa “Mbingu ya Mchana”. Hawa watunga majina sijui huwa wanafikiria nini.